Filamu za Jumanne, Pamoja na Matusi

Wageni wanaotembelea nyumba yetu ya wazee hapa Auderghem siku ya Jumanne alasiri huuliza swali lile lile wakifika mlango wa ukumbi: mbona mnawaacha wazee watukanane wakati wa filamu? Ninyi wenzangu vijana mmeshazoea, na nasikia huwa mnajibu kwamba ni utaratibu wa Zaina. Sasa Zaina amestaafu. Magoti yangu yalistaafu kabla yangu, mimi nimeyafuata tu. Siku ya kuniaga mkurugenzi alizungumza vizuri juu ya utumishi wangu, akanipa ua kwenye chungu, wala hakuutaja utaratibu huo, labda kwa sababu haujapata kuandikwa popote. Basi nauandika mimi, mjue ulikotoka na msije mkauharibu. Vyeo na mishahara nawaachia wanaopenda kuvikumbuka.

Siku ya kwanza nilikuja na nakala ya shahada yangu ya fasihi, nimeifunga katika plastiki isilowe mvua. Hakuna aliyeiomba, siku ile wala baadaye. Nilikuwa nimeajiriwa kuwachangamsha wazee: kuimba nao, kukata karatasi nao, kuwasukuma bustanini jua linapotoka, jambo ambalo katika mji huu halichoshi mikono sana. Aliyenipokea ni Godelieve, Mbelgiji wa Kifleming, mfupi mwenye sauti nzito, aliyebakiza muda mfupi astaafu. Nilijitambulisha. Nikaanza kumweleza nilichosomea.

"Mapazia kwanza," akasema, akanipa kopo lililojaa vibanio vya nguo.

Ndivyo nilivyoanza kazi. Mapazia ya ukumbi hayakutani katikati, na mwanga ukipenya unaangukia kwenye kioo cha filamu, palepale kwenye nyuso za wachezaji. Vibanio vinashika pindo hadi chini. Godelieve aliyajua mambo ya aina hiyo kwa wingi, na alinifundisha bila kuinua macho kutoka kwenye projekta yake. Wasiosikia vizuri wakae mbele, upande wa spika. Wanaohitaji choo mara kwa mara wakae karibu na mlango, lakini usiwaambie sababu. Blanketi wape kabla hawajaomba, kwa kuwa wengi hawataomba. Filamu isizidi saa moja na nusu, na katikati kuwe na mapumziko ya kahawa na gofri, zile keki zenye vishimo. Usionyeshe filamu ambayo mbwa anakufa. Na hata ukumbi ukiungua, usiikate filamu kabla ya mwisho.

"Kwa nini?" nikauliza.

"Kwa sababu hujui nani atakuwepo Jumanne ijayo."

Filamu zenyewe zilikuwa za aina moja: vichekesho vya zamani vya Hollywood, nyeusi na nyeupe, vilivyowekewa sauti za Kifaransa. Mwanamume aliyevaa suti anaanguka ziwani. Tajiri anakosea chumba. Mwanamke mwenye ulimi mkali anamwambia mwanamume mwenye ulimi mkali kwamba hataki kumwona tena maishani, nasi sote tunajua harusi ni lini. Mimi, bingwa wa tanzia, niliyeandika tasnifu ndefu juu ya wafalme wanaojiangamiza, nilikaa nyuma nikiwa na uso wa mtu aliyeletewa chai baridi.

Baada ya wiki chache nilimwomba Godelieve aniachie nichague filamu mimi. Aliniachia. Nilileta filamu nzito, yenye mvua nyingi na mama anayefiwa. Wazee watatu walilia, mmoja akaomba aitiwe padri, na gofri zote zikarudi jikoni nzima. Godelieve hakunikaripia. Alikuwa akikunja blanketi.

"Tanzia wanazo vyumbani, Zaina," akasema. "Huku wanakuja kupumzika kutokana nazo."

Sijapata mwalimu wa fasihi aliyenifundisha zaidi ya huyo. Kuanzia hapo niliacha kuangalia kioo, nikawa nawaangalia wao. Niliona kwamba hawacheki mtu anapoanguka. Wanacheka pale anapoinuka, akapangusa suruali, akamsalimia mwanamke kana kwamba maji ya ziwa yalikuwa sehemu ya mpango wake. Niliona pia kwamba katika filamu zile hakuna anayetupwa. Tajiri mchoyo hulowa kama wengine, lakini mtu humletea taulo. Shangazi mgomvi, aliyeharibu kila kitu tangu mwanzo, mwishoni hupewa kiti mezani. Watu waliohamishwa kutoka nyumba zao, wakapewa kabati moja na kitanda chenye vyuma pembeni, wanaijua thamani ya kiti mezani. Mimi nilihitaji miaka kadhaa kulielewa hilo, lakini mimi nilikuwa nimesoma.

Godelieve alipostaafu aliniachia projekta, kopo la vibanio na sanduku la filamu. Kisha, baada ya miaka, akaja Maman Véronique.

Alizaliwa Lubumbashi. Kwa muda mrefu aliuza vitenge kwenye maduka ya Galerie d'Ixelles, na walioishi Matonge, mtaa wetu Waafrika, wakati huo watakumbuka kilemba chake, maana kilikuwa kikiwafikia kabla yake. Maradhi ya kusahau yalimkuta uzeeni. Yalianza na Kifaransa. Kila mwezi kilipungua, kama maji ya beseni lililotoboka, hadi akabaki na Kiswahili chao cha Katanga peke yake, kile ambacho "wa" huwa "ba", "ndiyo" huwa "njo" na "kama" huwa "sawa". Mimi ni mtu wa Kigoma. Kiswahili changu na chake si kimoja, lakini katika nyumba ile mimi ndiye pekee niliyeweza kumwelewa, isipokuwa siku alizokuja binti yake, Solange, akitoka kazini hospitali kule Jette, ng'ambo ya pili ya mji.

Shida ni kwamba Maman Véronique alikuwa akitukana. Asubuhi alimtukana mleta kahawa, mchana akamtukana mganga wa miguu. Hakuna aliyeelewa maneno, lakini kidole chake na sauti yake vilieleweka. Monsieur Armand, dereva wa tramu mstaafu, mwenye masikio makubwa ambayo hata mimi nilikuwa nimeyaona, alitukanwa kila alipopita. Mimi mwenyewe aliniita *mbanda*, yaani mke mwenza, na kuniuliza mbele za watu kama bwana wetu ananipa chakula, maana nimekonda kama ufagio.

Halafu siku moja wakati wa chai alimnyooshea kidole Madame Denise, aliyekuwa mwalimu wa piano, mwanamke mpole ambaye tangu aletwe kwetu alikuwa hasemi zaidi ya "ndiyo" na "asante". "Uko unakula sawa kuku iliona mwewe!" akapaza sauti. Madame Denise aliangusha kikombe. Mwanawe, Monsieur Philippe, alikuwepo, akaenda moja kwa moja kwa muuguzi mkuu.

Muuguzi mkuu alikuwa Sylvie. Sitaki mumfikirie vibaya. Alikuwa mtu wa haki, aliyechoka kama watu wa haki wanavyochoka. Daktari alishauri Maman Véronique ahamishiwe ghorofa ya tatu, ile yenye mlango wa namba za siri, na Sylvie hakuwa na hoja ya kumpinga. Ghorofa ya tatu ni safi na ina wauguzi wazuri. Lakini haina bustani, haina ukumbi, na aliyepelekwa huko sijapata kumwona akishuka akakaa tena na wenzake.

Solange alinishika mkono koridoni. "Maman Zaina, bakimupandisha kule juu, njo mwisho yake. Atanyamaza. Na mama akinyamaza, donc, basi amekufa."

Nikamwahidi kwamba nitafanya kitu. Nilikuwa sijui kitu gani.

Nilianza na nilichokijua: nilimleta kwenye filamu. Jumanne hiyo nilikaa kando yake nikamtafsiria kila neno, kwa Kiswahili sanifu, kwa ufasaha, huku nikijisikia kwamba shahada yangu hatimaye imepata ajira. Alinivumilia kidogo.

"Weye," akasema, "uko unasoma habari ku radio?"

Nikaacha kutafsiri. Filamu ikaendelea kwa Kifaransa asichokielewa. Ilifika mahali ambapo wale wawili, mwanamke mwenye ulimi na mwanamume mwenye ulimi, walikuwa wakirushiana maneno wakiwa kwenye ngazi, wamesogeleana pua kwa pua. Maman Véronique akaanza kucheka. Akacheka mpaka kilemba kikalegea.

"Bale batapendana," akasema.

"Umejuaje, Maman?"

Alinitazama kwa huruma. "Hauoni? Beko banatukanana muzuri."

Wanatukanana vizuri. Nilikaa na maneno hayo mpaka filamu ikaisha. Bibi yangu kule Ujiji aliniita mke mwenzake tangu nilipoanza kutembea. Alikuwa akidai kwamba babu ananipenda kwa upumbavu wake na kwamba kichwa changu ni cha boga, kisha ananipa mnofu kutoka kwenye sahani yake. Huo ni utani, nao ni njia ya bibi na mjukuu kupendana bila kuona haya. Utani niliusomea chuoni. Niliufanyia mtihani nikafaulu. Kisha ulipokuja ukakaa kando yangu, ukaniita mbanda kwa sauti, niliudhani ugonjwa, kama daktari.

Siku iliyofuata nilimfuata Sylvie ofisini. Nikamweleza kwamba Maman Véronique hawatukani watu anaowachukia. Anawafanya ndugu, haraka, kwa sababu hana lugha nyingine iliyobaki ya kufanyia hivyo. Nikaongeza kwamba vile vichekesho vyetu navyo ni utani mtupu, ndiyo maana aliuelewa mwisho bila kuelewa neno hata moja.

Sylvie alisikiliza hadi mwisho. "Sawa. Lakini mgonjwa wa aina hii naye anaweza kutukana kwa hasira. Nitajuaje tusi lipi ni mchezo na lipi ni ugonjwa?"

Lilikuwa swali zuri. Kwenye mtihani hawakuniuliza.

"Kwanza, utani haugusi kidonda," nikasema. "Masikio ya Armand, sawa. Mke wake marehemu, hapana. Na sikiliza, tangu aje hajawahi kumtaja. Pili, anangojea ajibiwe. Asipojibiwa anapandisha sauti, anadhani hajasikika. Tatu, mtani akishajibiwa, hutoa kitu."

"Nani humu ndani amewahi kumjibu?"

"Hakuna. Ndiyo shida yenyewe."

Akazungusha kalamu. "Nionyeshe Jumanne. Nitamwalika Monsieur Philippe. Malalamiko ni yake, Zaina. Asiporidhika, sina la kufanya."

Kuhusu filamu ya Jumanne ile nilifikiri kuliko nilivyofikiria tasnifu yangu. Nilichagua ile ya mwanamke mwenye duka la kofia, ambaye jirani yake wa ukuta mmoja anafungua duka la kasuku. Kasuku wanapenya, wanataga ndani ya kofia za wateja wakubwa, na wenye maduka wanagombana kupitia ukutani filamu nzima. Kofia, biashara, majirani: nilijua mfanyabiashara wa Galerie hataweza kukaa kimya.

Nikabana mapazia. Nikampanga Armand mbele, upande wa spika, Maman Véronique safu ya pili katikati. Madame Denise, katika kiti chake cha magurudumu, nilimweka nyuma kidogo, mbali na kidole. Sylvie alikaa nyuma kabisa na koti lake jeupe. Monsieur Philippe alikataa kiti, akasimama ukutani, mikono mifukoni.

Safari hii sikumtafsiria Maman Véronique filamu. Niliwatafsiria ukumbi Maman Véronique.

Kofia ya kwanza ilipotokea tu, akaguna. "Ile haiuzike. Ata uiweke mbele ya Galerie, bantu batapita tu."

Niliisema kwa Kifaransa, kwa sauti. Watu wawili wakacheka. Kofia ya pili akaipitisha. Ya tatu akasema ni ya kufunikia sufuria, na nikaisema, na wakacheka wengi zaidi. Nyuso zilianza kumgeukia yeye kabla ya kugeukia kioo. Kisha, kama nilivyojua atafanya, akamgusa Armand begani.

"Na weye na masikio yako, mvua ikinyesha unaweza kukingia bantu."

"Anasema nini?" Armand akauliza.

Nikamwambia. Armand aliwaza, kwa utaratibu, kama dereva anayesubiri taa zibadilike. "Mwambie kilemba chake kikubwa kuliko kituo changu cha zamani cha tramu. Asiporuhusu watu wangojee chini yake, ni uchoyo."

Nilipomtafsiria, Maman Véronique alipiga makofi. "Eh! Papa eko na akili!" Akavua shali yake, akamtupia Armand mabegani, akarudi kwenye filamu.

Niligeuka kumtazama Sylvie. Alikuwa ameiona shali.

Wakati wa mapumziko, kahawa ikigawiwa, Maman Véronique aligeuka akaliona koti jeupe. Alilikazia macho. Nikajua tusi linakuja, na sikuwa na namna ya kulizuia.

"Na ule wa nyeupe kule nyuma," akasema, "amekaa sawa muntu anangojea mayiti itoke."

Ukumbi mzima ukanigeukia unisikilize. Mtu aliyesoma fasihi anajua njia nyingi za kulainisha sentensi. Ningeweza kusema kwamba anamwona muuguzi amechoka. Lakini Sylvie alikuwa ameniuliza swali la kweli, na utani uliolainishwa hauna wa kuujibu. Nikalitafsiri lote, pamoja na maiti.

Mtu mmoja akashusha kikombe. Sylvie alikunja mikono kifuani.

"Mwambie nangojea gofri yake," akasema. "Kwa anavyokula polepole, itabaki."

Nikatafsiri. Maman Véronique aliiangalia gofri iliyo mkononi mwake, akaikata vipande viwili, akanyoosha kimoja juu ya vichwa vya watu.

"Kuya."

Sylvie alipita katikati ya viti, akakipokea, akakila palepale, amesimama, na sukari ikamwangukia kwenye koti. Nilijivunia wakati huo kuliko siku niliyovaa joho. Nilifikiri tumeshinda.

Monsieur Philippe alisema kutoka ukutani, bila ukali, "Muuguzi anaweza kujibu. Mama yangu hawezi."

Alikuwa anasema kweli, na kanuni zangu zenyewe zilikuwa upande wake: mchezo ni wa watu wawili. Sylvie alinitazama, nami nikafanya kile nilichofundishwa kufanya katika kila hali. Nikawasha filamu iendelee.

Ilienda mpaka karibu na mwisho. Ukuta kati ya maduka umebomoka, kasuku wametawanyika, na mwenye kofia na mwenye kasuku wamesimama katikati ya vumbi wakiambiana maneno mabaya ya mwisho. Hapo Maman Véronique akasimama. Alitaka kuona kofia ambayo mwanamke alikuwa ameivaa, nadhani, aikadirie bei. Kilemba chake kilifunika nusu ya kioo, na yeye mwenyewe akafunika iliyobaki.

"Kaa chini, Madame," ikatoka sauti nyuma yetu. "Hatukuja hapa kutazama makalio yako."

Ilikuwa sauti safi, ya mtu aliyezoea kuwakemea wanafunzi. Hakuna aliyegeuka mara moja, kwa sababu hakuna aliyeitambua. Aliyegeuka wa kwanza ni mimi. Madame Denise alikuwa ameketi wima, kidevu juu, anangoja atiiwe.

Kule ukutani, Monsieur Philippe alikuwa ametoa mikono mifukoni.

"Anasema nini, mbanda?" akauliza Maman Véronique.

Nikamwambia yote, sikuacha hata kiungo kimoja. Alimgeukia Madame Denise, akamtazama kwa muda mrefu, kama mfanyabiashara aliyeshinda siku nzima bila mteja na sasa anamwona mmoja anayejua kupatana bei.

"Kumbe eko na kinywa!" akasema. "Mwambie hii nyuma iliuza bitenge Matonge muzima. Banalipa kwanza, njo banatazama."

Nikatafsiri. Madame Denise alifikiri. "Basi walipunjwa," akasema.

Ukumbi ulilipuka. Armand alikuwa akipiga paja kwa kiganja. Maman Véronique ndiye aliyecheka kuliko wote, akakaa chini, akajifuta macho kwa ncha ya kilemba, akapapasa nafasi iliyokuwa wazi kando yake.

"Mwambie asogee hapa. Kule nyuma haoni kitu."

Nilianza kuinuka, lakini Monsieur Philippe alikuwa ameshafika. Aliinama akafungua breki ya kiti cha mama yake, akakisukuma taratibu kati ya safu hadi mahali palipoonyeshwa, akafunga tena breki. Halafu akabaki amesimama pale, hajui aende wapi, mkono wake begani kwa mama yake. Kiooni wale wawili walikuwa wanakaribiana, vumbi likiwaangukia. Madame Denise alivuta koti la mwanawe.

"Na wewe, Philippe," akasema. "Unawaziba watu."

Akakaa sakafuni, miguuni pa wanawake wawili, na suti yake. Nami nikasogea mbele kuongeza sauti, maana kwa vicheko vile hakuna aliyekuwa anasikia neno.